Mwanamke wa Ukutani kwa Ami

Mama yangu si mtu wa kupiga simu. Ukimpigia anapokea, anakuuliza kama umekula, anakata. Kwa hiyo Jumamosi ile simu ilipoita asubuhi na nikaona ni yeye, nilikurupuka kitandani. Nikajua kuna msiba.

"Njoo," akasema. "Wameupaka rangi ukuta wa Ami."

Basi. Akakata.

Najua mtu mwingine angecheka. Ukuta kupakwa rangi nayo ni habari ya kumtoa mtu kitandani? Mie nilibaki nimekaa pale nyumbani kwangu Kinyerezi, mguu mmoja una kandambili mwingine hauna, mume wangu ananiuliza kuna nini na sijui nianzie wapi. Wewe ngoja nikusimulie taratibu, maana wewe umekulia uswahilini kama mie, utanielewa.

Sie tulikulia Temeke, Yombo ya ndani kule, enzi zile mchanga unafika mpaka kwenye kizingiti. Baba alifariki tukiwa wadogo. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Songea aliyeletwa na kazi, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Ukiwa mtoto wa Mwalimu, ndugu yangu, umekwisha. Wenzako wakiiba embe ni utoto, wewe ukiiba embe ni aibu ya taifa. Tulikuwa wawili tu, mie na kaka yangu, na aibu zote za taifa alizifanya yeye.

Pale kwenye kona palikuwa na nyumba ya mzee wa Kiarabu mwenye duka, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Ami. Duka lilitazama barabarani, lakini ubavu wa nyumba ulikuwa ukuta mrefu uliofuata kichochoro cha kwenda bombani. Kila mtu alipita pale. Ukitaka kujua nani anaumwa, nani amegombana na mumewe, nani amenunua sufuria mpya, ulisimama tu pembeni ya ukuta ule na ndoo yako. Mpaka leo nikifumba macho nausikia ule mseto wa harufu ya dukani kwake: mafuta ya taa, sabuni ya mche, bizari, na ubani uliokuwa unatoka chumba cha ndani. Na ng'ambo ya kichochoro kulikuwa na jirani yetu mpika vitumbua, chuma chake kinachemka tangu alfajiri, na sie tumepanga foleni ya maji huku mate yanatutoka.

Ami alikuwa na utaratibu wake. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia kuisha, alimwita fundi, wakaloweka chokaa kwenye pipa, wakatia chumvi ili isiwachafue watu nguo wakiegemea, kisha fundi akaanza na brashi lake la katani kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho. Siku ya Idi ukuta ule ulikuwa mweupe mpaka unaumiza macho. Ami alitoka na kanzu yake, akasimama kwa mbali kama mtu anayetazama harusi ya bintiye. Sie watoto wa Kikristo tulikuwa tunaisubiri Idi ile kuliko wenyewe, maana sinia la kwetu lilikuwa halikosi: kaimati, tambi, tende. Krismasi mama naye alirudisha sinia lina pilau. Hakuna aliyekuwa anahesabu nani wa dini gani.

Sasa ukuta mweupe namna ile, halafu mtaani kuna kaka yangu. Unategemea nini?

Alianza na mkaa, kama watoto wote. Lakini mkaa ulikuwa haumtoshi, unafutika kwa bega la mtu. Akahamia kwenye dawa ya ubao. Unaikumbuka? Kila muhula tulikuwa tunaambiwa tulete shuleni mabetri yaliyokwisha, mkaa na majani ya matembele. Vinapondwa, vinachanganywa, ubao unapakwa unakuwa mweusi tii. Aliyekuwa anasimamia kazi hiyo kwenye shule yetu alikuwa mama. Kaka alimwangalia akikoroga mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, wa tatu akawa anakoroga yake nyuma ya choo chetu. Kwa hiyo ule uhalifu wote, chanzo chake ni mama mwenyewe, ingawa hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jamani, yule mtu alikuwa anajua. Alichora jogoo wa mpika vitumbua mpaka ukaogopa kudonolewa. Alichora mhubiri wa sokoni amefumba macho na mdomo wazi, na golikipa wa mtaa wetu akiusindikiza mpira wavuni kwa macho. Alimchora mpika vitumbua mwenyewe, kwa nyuma, hakumpunguzia kitu, na mama wa watu badala ya kukasirika akawa anawaita wateja waje waone. "Huyu mtoto mikono yake ina baraka," alikuwa akisema. Ami yeye alikuwa anatoka dukani, anashika kiuno. "Mwanichafulia nyumba. Nyumba hii, si daftari."

Na mama? Mama alikuwa hataki kusikia. Kwake huo ulikuwa uhuni, nukta. Alimwambia kaka, "Daftari lipo, penseli ipo, ukuta wa watu wa nini?" Kaka akamjibu, "Daftari nani analiona?" Alipata kofi kwa jibu hilo, lakini mie nilikuwa nimekaa pale na nililisikia, na hata leo sijapata jibu zuri zaidi.

Kilichokuwa kinatuumiza ni adhabu. Mama alikuwa hasubiri Ami aje kulalamika. Akiona mchoro tu, anafunga kanga kiunoni, anabeba ndoo, gunia na sabuni, kaka anachota maji, mie nabeba kopo la mchanga, tunakwenda kusugua mbele ya kadamnasi. Mwalimu mzima! Halafu ile dawa ya ubao ilikuwa haikubali kutoka peke yake. Ukiisugua inatoka na chokaa, kinachobaki ni baka la kijivu kubwa kama ramani. Kuna siku Ami alitoka, akaangalia lile baka, akaangalia ndoo, akasema kwa adabu kabisa, "Mwalimu, bora ungeniachia yule jogoo." Mama hakucheka. Alisugua zaidi.

Nilishawahi kumuuliza, nikiwa nimeshakua, kwa nini alikuwa anahangaika vile. Akaniambia aliogopa. Mjane, mgeni wa mji, mtoto wa kiume anayechora kuta za watu. Alikuwa anaona jela ya Segerea mbele yake.

Kaka akamaliza kidato cha nne, matokeo yakaja vibaya. Akawa mtu wa kukaa kijiweni na wenzake, stori zao zote meli. Fulani kazamia yuko Ugiriki, fulani yuko Durban ana gari. Nyumbani maneno yalikwisha. Mama na yeye wakawa wanapishana mlangoni kama wapangaji.

Ndipo asubuhi moja nakwenda bombani, nakuta watu wamejaa kichochoroni, wanacheka, wengine wamejishika mbavu. Nikapenya. Ukutani kwa Ami kulikuwa na mwanamke, ukubwa wa mtu kamili, ametupa mgongo. Kanga kiunoni, kilemba kimeenda upande. Mkono mmoja ameegemea ukuta, mwingine ameshika gunia, anasugua. Ndoo pembeni yake. Mguu mmoja kisigino kimechomoka kwenye kandambili, na kile kisigino, mama yangu, kilikuwa na nyufa zake zote, kama zilivyo. Hakuna ambaye angeuliza huyo ni nani.

Nikasikia mtu anasema, "Mwalimu huyo anakuja." Na kweli alikuwa anakuja, ndoo mkononi, kanga imeshafungwa, maana alishaambiwa mwanao ameanza tena. Watu wakampisha. Kicheko kikakatika. Mama akasimama mbele ya ukuta, yeye na yule mwingine, nguo zao zile zile. Akaangalia kilemba. Akaangalia kile kisigino, halafu akainua kanga kidogo akaangalia cha kwake. Nilitamani ardhi inimeze.

Akacheka. Sijui nikuelezeje kicheko kile. Mama yangu hajawahi kucheka barabarani, ni mwalimu. Alicheka mpaka akapindua ndoo akaikalia, machozi yanamtoka, anajipangusa na pindo la kanga, akinyanyua macho anaona tena kisigino, anaanza upya. Mtaa mzima ukacheka naye. Kisha akanyanyuka, akachukua ndoo yake na gunia lake kavu, akarudi nyumbani. Hakugusa kitu.

Kaka alikuwa amekaa barazani kwetu, anasubiri hukumu. Mama akampita, akasema, "Kaoge, unanuka betri." Akaingia ndani.

Wiki chache baadaye kaka aliaga kwamba anakwenda kutafuta kibarua bandarini. Alivaa shati lake la bluu. Wenzake wawili walirudi, wakasema walipotezana huko getini, wao waliogopa, yeye aliingia. Meli gani hawajui. Inakwenda wapi hawajui. Mama alizunguka polisi, bandarini, kanisani, kwa watu wenye ndugu Durban. Alikwenda mpaka kwa mtu mmoja Mbweni aliyesemekana ana jamaa mabaharia. Kote huko aliambiwa asubiri. Amesubiri. Hatujapata barua, hatujapata simu, hatujapata maiti. Mie nimeolewa, nimezaa, nina mtoto anayekaribia umri aliokuwa nao kaka, na bado mtu akiniuliza mko wangapi kwenu nababaika.

Ramadhani ile ikafika mwisho, fundi akaja na pipa lake. Mie nilikuwa nimetumwa sukari dukani, nikatoka mbio kwenda kuangalia. Fundi alishapaka nusu ya ukuta, akafika kwa yule mwanamke, akasimama, akamwita Ami. Sasa Ami alikuwa na msimamo wake kuhusu picha za watu. Ndani kwake hata kalenda yenye sura ya mtu ilikuwa haitundikwi. Akaja na tasbihi yake. Akamtazama yule mwanamke kwa muda mrefu. Akatazama kule kwetu, ambako mama alikuwa amekaa barazani anachambua mchele na hachambui chochote.

"Huyu hana uso," akamwambia fundi. "Hana uso, hana neno. Zunguka."

Fundi akazunguka. Na kila mwaka akawa anazunguka. Chokaa juu ya chokaa, mwaka juu ya mwaka, mpaka pembeni ya yule mwanamke pakawa na ukingo ambao ukipitisha kidole unausikia. Ami hakuwahi kulizungumza, na mama hakuwahi kumshukuru kwa mdomo. Ila sinia la Krismasi la kwa Ami tangu mwaka huo lilikuwa linajaa kuliko yote. Mie mpaka kesho siamini kwamba ilikuwa ni habari ya uso.

Mama akawa na mazoea. Akitoka shule, akifika pale kichochoroni anasimama, anajifanya anakaza kanga. Baadaye alipostaafu akawa anakwenda kabisa, bila kujifanya. Anatoa utando wa buibui kwa pindo la kanga. Wapangaji wapya walikuwa wanamwona bibi wa ajabu. Mie nikija kumtembelea, tukipita pale, alikuwa hasemi kitu kuhusu kaka. Alikuwa anasema, "Kilemba angalia, hata leo nafunga hivyo hivyo."

Ami alifariki, Mungu amrehemu. Duka likashikwa na mjukuu wake ambaye hakukulia pale, kijana mzuri tu, mpole, akalifanya la miamala ya simu. Na ndiyo Jumamosi hiyo niliyokwambia: nimeshuka kwenye bajaji pale kwenye kona, nikaona nyumba nzima, mbele na ubavuni, zambarau. Zambarau inayong'aa, na maandishi meupe makubwa ya kampuni ya simu yamepita katikati ya ukuta kama watu waliofika nyumbani kwao. Nilitafuta alipokuwa yule mwanamke. Ule ukingo wa chokaa ulikuwa bado upo, ukiinama unauona. Ndani yake zambarau.

Mjukuu akatoka. "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Nikamweleza. Na yule kijana, haki ya Mungu, alishika kichwa. "Dada, mie sikujua. Niliona ni mchoro wa wahuni tu wa zamani. Wale vijana wa kampuni wamekuja jana na ngazi, wamepaka bure, mchana wamemaliza, nikaona nyumba imependeza. Ningejua ningewaambia waache hapo."

Ningemfanya nini? Nimgombeze? Ukuta wake, nyumba ya babu yake. Hata kaka yangu hakuomba ruhusa. Nilikwenda pale nimejaa hasira, nikakosa pa kuitua. Kinachoniumiza ni kwamba kaka akichora jogoo kwa betri tuliita uchafu na akapigwa. Watu wa kampuni wanakuja na ngazi, wanapaka ukuta mzima tangazo, na mtaa unasema pamependeza. Hebu niambie wewe, sanaa ni ipi hapo na uharibifu ni upi? Mie nimeshindwa. Na hata ningeweza kujibu vizuri, nikasimama pale kichochoroni nikahutubia, zambarau ingebaki zambarau.

Usiniulize habari ya picha. Kitu kipo kila siku, nani anakipiga picha? Iliyopo ni moja tu, ya siku ya sendofu yangu, tumesimama pale ukutani tumependeza. Mama amesimama mbele ya yule mwanamke na kitenge chake kipana. Amemziba kabisa.

Nikaenda nyumbani, mama hayupo. Mlango uko wazi, chai imepoa mezani. Kabla sijajiuliza nikasikia kelele kichochoroni.

Alikuwa amepiga magoti pale ukutani, yeye na magoti yake yale mabovu, ana kitambaa na kopo la mafuta ya taa, kumbe alikuwa ameyafuata mtaa wa nyuma, anasugua. Kijana mmoja mpangaji anapiga kelele, "Bibi, unaharibu ukuta wa watu!" Mwingine ameshatoa simu anamrekodi. Wakamwita mjumbe wa mtaa, naye akaja, mtu mstaarabu, aliwahi kufundishwa na mama darasa la pili, kaka akiwa ameshaondoka. Akainama. "Mwalimu, shikamoo. Mwalimu wangu, huu sasa ni uharibifu wa mali." Mjukuu wa Ami amesimama nyuma yake, anasema muacheni, muacheni tu.

Mama alikuwa hasikii. Rangi ilikuwa bado mbichi kwa chini, ikawa inatoka. Alifurahi, aliniona akanionyesha: "Unaona? Inatoka. Nenda kaniletee kitambaa kingine." Mie nikaona kile kitambaa mkononi mwake. Kilikuwa cha zambarau, na ndani ya zambarau kulikuwa na weusi. Dawa ya ubao ilikuwa inatoka na rangi. Pale alipokwisha kusugua palikuwa na baka la kijivu, basi, hakuna kisigino, hakuna kandambili. Nilimshika mkono. Nilimshika tu. Akaniangalia, akaangalia kitambaa, akaelewa mwenyewe. Kitambaa akakiweka chini.

Hakulia. Mjumbe na mjukuu wa Ami walinisaidia kumnyanyua. Mpika vitumbua alishahama zamani, bomba lile halitoi maji siku hizi, watu wana visima vyao. Pale kichochoroni hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumweleza ambaye angekumbuka jogoo. Nilipomtembeza kurudi nyumbani nilikuwa nahesabu kichwani watu waliomwona kaka yangu akichora, na nikajikuta tumebaki sie wawili, yaani mama na mie.

Nikamkalisha barazani, nikachovya pamba kwenye mafuta ya taa nikaanza kumsafisha vidole, kimoja kimoja. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu dukani halafu anasahau jina la kitu chenyewe.

"Hivi nilimwambia?" akaniuliza.

"Ulimwambia nani, mama?"

"Kaka yako. Siku ile. Nilimwambia kwamba amechora vizuri?"

Nilikuwepo siku ile. Nilikuwa pale ukutani na ndoo yangu ya maji, nilimfuata mpaka barazani hapa hapa.

"Ulicheka, mama," nikasema. "Ulicheka mpaka ukakaa chini."

"Kucheka najua nilicheka," akasema. "Nakuuliza kama nilimwambia."

Nikachukua pamba nyingine, nikashika kidole kilichofuata.